Kadi za “someone” na “anyone” kwa wanaozungumza Kirusi: shajara ya mradi

Jioni nafundisha Kiingereza hapa Voronezh, kusini mwa Moscow, kwa watu wazima ambao lugha yao ni Kirusi. Wanafunzi wa Kiafrika walioko Urusi wengi hupata hela ya matumizi kwa kazi hii, na sisi Waswahili tumo. Shajara hii ni kwa ajili yao. Natengeneza seti ya kadi za kufundishia viwakilishi visivyo bainifu vya Kiingereza, yaani “someone”, “anything”, “nobody”, “everyone” na jamaa zao. Naandika kila hatua inapokamilika ili mwenye kuitaka aichukue bila kuanzia sifuri. Maneno ya Kirusi nimeyaandika kwa herufi zetu, na bei zote ni za rubli.

8 Septemba 2024: Kukusanya makosa

Kabla ya kukata karatasi nilipekua kazi za nyumbani za vikundi viwili, nikanakili kila sentensi iliyoharibikia kwenye maneno haya. Baadhi ni hizi:

“Buy anything for dinner.”
“I didn't see nobody.”
“Does anybody of you know?”
“All came to the party.”
“One my friend lives in Sochi.”
“Have you sometimes been to Africa?”

Kilichonivutia ni kwamba watu wasiojuana wanakosea neno lilelile mahali palepale. Mhasibu anayekaribia kustaafu na kijana wa kompyuta wameandika “Buy anything” kila mmoja kivyake. Basi kosa linatoka kwenye Kirusi chenyewe na linatabirika, na kosa la namna hiyo unaweza kulitengenezea kadi.

Kirusi huchukua neno la kuulizia, kama kto (nani) au chto (nini), kikalibandika kipande. Kto-to ni mtu ambaye yupo ila simjui. Kto-nibud ni mtu ambaye bado hajapatikana, atakuwa huyu au yule. Koe-kto ni mtu ninayemjua lakini simtaji. Nikto ni kusema hakuna mtu. Pembeni yupo kto-libo, anayefanana na kto-nibud ila anapatikana zaidi vitabuni na kwenye barua za ofisi. Upande wa Kiingereza kuna “some”, “any”, “no” na “every”. Mwanafunzi akiona vipande huku na vipande kule, anaanza kuvioanisha.

Kiswahili kimepita njia yake. “Kuna mtu amepiga simu”: jina tupu, yamekwisha. Tukitaka kuacha wazi awe nani tunasema “yeyote”, “chochote”, “popote”, na ukanushi tunauweka kwenye kitenzi. Nayataja haya mapema kwa sababu yatamsaidia mwalimu Mswahili, na baadaye kuna mahali yatampoteza.

22 Septemba 2024: Toleo la kwanza lilikuwa jedwali

Nilianza na kile kinachopatikana katika kila kitabu: “some”, “any”, “no” na “every” upande wa kushoto, “body”, “one”, “thing” na “where” juu, kisha alama ya kujumlisha kwenye “some” na alama za kutoa na kuuliza kwenye “any”. Yaani “some” kwa sentensi za kukubali, “any” kwa maswali na ukanushi.

Halikusaidia chochote. Shule za Urusi huanza lugha ya kigeni darasa la pili, kwa hiyo jedwali hili wanalijua tangu utotoni. Wanalikariri bila kukwama, na dakika ileile wanaandika “Buy anything”. Ukiwauliza kwa nini, wanakuonyesha jedwali la pili ambalo hakuna kitabu kilichowapa, wamejitengenezea wenyewe: -to ni “some”, -nibud ni “any”.

Ubaya wa jedwali hilo la pili ni kwamba mara nyingi linapatia. Kto-to zvonil, “Someone called”. Kto-nibud zvonil? “Did anyone call?” Mtu akishapatia hivyo kwa muda mrefu, hana sababu ya kulitilia shaka. Kisha anakutana na hizi:

Kupi chto-nibud na uzhin. Nunua kitu cha kula jioni.
Nadeyus, kto-nibud pomozhet. Natumaini kuna mtu atasaidia.
Mozhet, kto-nibud znaet. Labda kuna mtu anajua.

Zote zina -nibud, na zote Kiingereza kinataka “some”: “Buy something”, “I hope someone will help”, “Maybe someone knows”. Kirusi kinatumia -nibud kwa sababu kitu chenyewe bado hakijachaguliwa. Hakijanunuliwa, msaidizi hajajitokeza. Kiingereza hakijali kama kimechaguliwa au la. “Anything” kwenye amri kina kazi nyingine: kinasema usichague, chochote kile ni sawa. “Say something” anaambiwa mtu aliyenyamaza. “Say anything” anaambiwa mtu anayejaribu kipaza sauti.

Hapa mwalimu Mswahili ana faida na hasara kwa pamoja. Sisi tuna “sema kitu” na “sema chochote”, na mgawanyo wetu unalala juu ya ule wa Kiingereza karibu sawasawa. Kwa hiyo hatukosei hapo. Na kwa kuwa hatukosei, hatuoni mwanafunzi anakwama wapi. Tunamsahihisha neno, tunaendelea, na wiki ijayo analirudia.

Uamuzi: jedwali linaondoka. Yeyote atakayenakili mradi huu asilichapishe hata kwa ukurasa wa kumbukumbu, maana macho yao yanalikimbilia.

13 Oktoba 2024: Toleo la pili, kupanga kwa nafasi

Msaada ulitoka kwa wanaisimu. Mwaka 1997 Martin Haspelmath alichora ramani ya nafasi tisa ambamo maneno ya aina hii hutumika katika lugha mbalimbali: kitu mahususi kinachojulikana kwa msemaji, mahususi kisichojulikana, kisicho mahususi, swali, sharti, ukanushi wa mbali, ukanushi wa moja kwa moja, ulinganisho, na uchaguzi huru. Kila lugha inakata ramani hiyo kwa namna yake. Ukiweka Kirusi na Kiingereza juu yake, jambo linaonekana mara moja: -nibud inashika nafasi tatu zinazofuatana, yaani kisicho mahususi, swali na sharti. Ya kwanza ni ya “some” peke yake. Mbili zinazofuata, “some” na “any” zinagawana. Basi kazi nzima ya mradi ni kuipasua -nibud vipande viwili.

Nafasi tisa ni nyingi kwa mtu aliyetoka kazini saa kumi na mbili jioni. Nimezipunguza kuwa mafungu matano:

Fungu la kwanza, kitu kipo, nakijua au sikijui (koe- na -to): “some”.
Fungu la pili, kitu hakijapatikana bado, yaani amri, ombi, matumaini, “labda”, kesho: “some” vilevile.
Fungu la tatu, swali na “if”: kwa kawaida “any”.
Fungu la nne, ukanushi: lina hatua yake hapa chini.
Fungu la tano, yoyote ile, pale ambapo Mrusi angeweza kusema lyuboy: “any” siku zote, hata kwenye sentensi ya kukubali. “Anyone can cook this.”

Fungu la pili ndilo linalobeba mradi. Nimelipa kadi nyingi kuliko yote, na kila kadi ina hali iliyoandikwa juu yake, kwa sababu sentensi tupu haitoshi. “Mtu ameanguka kwenye ngazi, unampigia kelele jirani” ndiyo inayomleta mwanafunzi kwenye “Call someone!” Bila hali hiyo anabaki anatafsiri kipande kwa kipande.

Fungu la tatu lilileta ugomvi. Niliweka kadi yenye pengo, “If ___ calls, tell me”, nikataka “anyone”. Darasa likagawanyika, na waliojibu “someone” walikuwa na haki, yote mawili yanasimama. Maswali nayo yako hivyo: “Did someone call?” inasemwa na mtu anayedhani simu ililia kweli, na Kirusi kinaweza kufanya hivyohivyo kwa kto-to. Kadi za namna hiyo nimezitoa kwenye mazoezi ya kupima, nimezibakiza kwenye mazungumzo. Ukipima kitu chenye majibu mawili unamfundisha mwanafunzi kukuogopa wewe badala ya kuisikiliza lugha.

Gharama na hitilafu ya kwanza. Kadi ni 96, nane kwa ukurasa, kurasa 12. Stesheneri ya karibu ilichapisha kwa rangi kwa rubli 25 kila ukurasa, jumla 300, na laminesheni rubli 40 kila ukurasa, jumla 480. Kasoro mbili zikatokea. Kwanza, plastiki inang'aa chini ya taa na huwezi kuandika juu yake kwa penseli. Pili, nilipanga rangi nyekundu kwa ukanushi na kijani kwa lyuboy, na mwanafunzi mmoja akawa anazichanganya kila mara. Alieleza kwa utulivu kwamba kwake ni rangi moja. Upofu wa rangi nyekundu na kijani ni jambo la kawaida kwa wanaume wenye asili ya Ulaya, takriban 8 kwa kila 100, kwa hiyo darasa lolote hapa linaweza kuwa naye.

Seti ya pili: pakiti ya karatasi ngumu za rangi rubli 350, uchapishaji mweusi rubli 7 kwa ukurasa, jumla 84. Nyekundu imebaki, kijani imekuwa njano, na kadi za njano nimezikata kona moja ili hata gizani zijulikane kwa kugusa. Rubli 434 dhidi ya 780, na hizi ndizo zinazofanya kazi. Laminesheni achaneni nayo.

10 Novemba 2024: Ukanushi

Hapa ndipo muda mwingi umekwenda.

Kirusi kinapenda kukanusha kila mahali katika sentensi. Ya nikogo ne videl (sikumwona mtu): kiwakilishi kina ni-, kitenzi kina ne, na hakuna anayeona vimezidi. Mfano ninaoupenda unakusanya vinne pamoja na kitenzi chake: Nikto nikogda nikomu nichego ne govoril. Kiingereza kinataka ukanushi mmoja tu: “Nobody ever told anyone anything.” Kiswahili pia: “Hakuna aliyewahi kumwambia mtu yeyote chochote.” Kwetu inatoka yenyewe.

Dawa ya kawaida ni kumwambia mwanafunzi “ukanushi mmoja tu kwa sentensi”. Niliitumia. “I didn't see nobody” ikapungua haraka, na mahali pake ikaota sentensi mpya ambayo awali haikuwepo kabisa kwenye madaftari: “Anybody didn't come.” Ukiitazama ni mantiki tupu. Ameambiwa afute ukanushi mmoja, Kirusi chake ni Nikto ne prishyol (hakuna aliyekuja), akachagua kufuta ule wa mbele na kubakiza ule wa kitenzi. Kanuni ameitii, sentensi imekufa.

Na hapa ndipo Kiswahili kinapotupoteza sisi walimu. Bango la “Mtu yeyote haruhusiwi kupita hapa” limejaa kwetu, na hakuna anayeliona kuwa kosa. Ukilihamisha lilivyo unapata “Anyone is not allowed to pass”, ambayo Mwingereza haisemi. Kwake ni “No one is allowed”. Kwa hiyo mwalimu wa kwetu anaweza kuipitisha “Anybody didn't come” bila sikio lake kushtuka. Chunga hapo.

Kinachokosekana katika dawa ya kawaida ni mahali. “Any” ya ukanushi haiwezi kutangulia. Inasubiri ukanushi utokee kwanza, ndipo ifuate. Nimeligeuza hilo kuwa mchezo wa vipande. Kila kikundi kinapewa kipande kimoja chekundu na vyeupe vingi. Vyekundu vina “no”, “nobody”, “nothing”, “didn't”, “never”. Vyeupe vina “anyone”, “anything”, “anywhere”, “ever”. Sheria ni mbili: sentensi ina chekundu kimoja, na vyeupe vyote vinalala kulia kwake. “Anybody didn't come” inaonekana mbovu kabla hata hujaisoma, kwa sababu kuna cheupe kushoto kwa chekundu. Mwanafunzi anakichukua chekundu anakipeleka mbele, anapata “Nobody came”, na kitenzi kinabaki safi.

Baadaye niliviongeza vyekundu visivyo na sura ya ukanushi: “without” na “hardly”. Warusi husema nichego ne skazav kwa mtu aliyeondoka bila kusema kitu, na wakatafsiri “without saying nothing”. Kikiwa chekundu, “without” kinavuta cheupe chenyewe: “without saying anything”. Vivyo hivyo “hardly anyone”, pale walipokuwa wanaandika “hardly nobody”. Kwenye “I don't think anyone knows” ukanushi uko kwenye kishazi cha kwanza na cheupe kwenye cha pili, na sheria bado inashika.

Muuguzi akauliza: vipi “Anyone who didn't sign must wait”? Cheupe kiko kushoto. Swali zuri. Hiyo “anyone” ni ya fungu la tano. Jaribu kuweka lyuboy, inakaa. Basi inapewa kadi ya njano, na njano inakaa popote inapotaka. Jaribu lyuboy kwenye Nikto ne prishyol, haikai. Tangu hapo wanajipima wenyewe, na mimi nimepumzika.

Wachache walilalamika kwamba kwenye filamu wanasikia “I don't know nothing”. Ni kweli wanasikia. Kiingereza cha zamani kilikuwa na ukanushi mwingi kama Kirusi, mshairi wa kale Chaucer ameutumia, na lahaja nyingi za leo bado zinao. Nimewaambia waelewe wakisikia na wasiandike kwenye barua ya kuomba kazi.

1 Desemba 2024: “Of”

Hatua fupi. Kirusi kinasema kto-nibud iz vas, nikto iz nas, kto-to iz nikh, kazhdy iz nas. Iz ni “kati ya”, na kiwakilishi kinabaki kilevile. Wanafunzi wanatoa “anybody of you”, “nobody of us”, “someone of them”, “everyone of us”. Kiingereza hakitaki maneno yenye “body” wala “one” iliyoungana mbele ya “of”. Yanabadilika: “any of you”, “none of us”, “one of them”, “each of us”.

Maelezo hayakusaidia, mkasi ulisaidia. Kadi ya “of” nimeikata meno upande wa kushoto. Kadi za “any”, “none”, “one”, “each” zina meno yanayoingiana nayo. “Anybody” na wenzake wamekatwa mstari mnyoofu. Haziungani, basi. Mzee mmoja fundi seremala aliniazima kisu chake ili meno yatoke sawa, na seti ninayotumia sasa ni ya mkono wake. Hakuna gharama mpya, vipande vilitoka kwenye mabaki ya karatasi ngumu.

“Every one of us” kwa maneno mawili iliuliziwa. Ipo, ni sahihi, na ina msisitizo kuliko “each”. Nimeiandika nyuma ya kadi ya “each”, sikuipa kadi yake.

12 Januari 2025: Vse, vsyo na “all”

Kuanzia tarehe 1 hadi 8 Januari nchi nzima iko likizo, madarasa yakasimama. Nilipata muda wa kushughulikia “All came to the party”.

Vse ni watu wote, vsyo ni kila kitu, na maandishi mengi ya Kirusi hayaweki nukta juu ya herufi inayotofautisha, hivyo kwenye ukurasa yanafanana. Wanafunzi wanayamwaga yote kwenye “all”: “All know it”, “All is ready”. Niliwapa “everybody” kwa watu na “everything” kwa vitu, wakashika siku ileile. Kilichofuata ni “Everybody are here”, kwa sababu vse ina kitenzi cha wingi. Kadi za “every” nimezichapisha na “is” au “has” ikiwa imeshikamana nazo, hazitoki bila kitenzi chao.

Kisha unakuja mgongano ambao unawaudhi watu wa hesabu: “Everybody has taken their coat.” Kitenzi cha umoja, mmiliki wa wingi. Kirusi kina svoy kwa kila mwenye chake na hakisumbuki. Nimewaambia wakubali tu. “Their” ya mtu mmoja asiyetajwa jinsia ina karne nyingi katika Kiingereza. Swali fupi la mwishoni linafuata njia ileile: “Nobody called, did they?”

Nje ya kadi, jibu la “Kak dela?” (habari yako?) Warusi hujibu Nichego, kwa maana ya “si mbaya”. Mwanafunzi mpya aliulizwa “How are you?” akajibu “Nothing”. Ninaacha kila kikundi kipya kigundue hilo chenyewe.

9 Februari 2025: Sentensi zisizo na mwenyewe

Mne skazali: “waliniambia”, bila “wa” yoyote. Kirusi kinaweka kitenzi cha wingi na kuacha nafasi ya mtendaji tupu. Govoryat, watu wanasema. Wanafunzi walikuwa wanaandika “Me said that the bank is closed” au wanatafuta “somebody” kwa kila sentensi. Nilitengeneza kadi zenye njia tatu: “I was told”, “They say”, na “Someone told me” pale tu ambapo kweli alikuwepo mtu mmoja.

Odin moy drug ilitoka haraka: “a friend of mine”. Odin ya hapo haihesabu, ni rafiki fulani. Waswahili tunaielewa bila maelezo, tukisema “kuna jamaa mmoja” hatumaanishi kwamba hakuwa na mwenzake.

Niliweka pia “one” ya jumla, “One should not smoke here”. Nimeitoa. Kwa Kirusi ni nelzya (hairuhusiwi) bila kiwakilishi, na mwanafunzi aliyejifunza “one” anaitumia dukani akawa kama jaji. “You can't smoke here” inatosha. “One” nyingine, ile ya “the red one”, imebaki, kwa sababu Mrusi dukani anasema “nyekundu” peke yake na Kiingereza hakiruhusu.

16 Machi 2025: Kuhamia kwenye simu

Kadi za karatasi zinafaa darasani. Kwa nyumbani nimeziweka kwenye Anki, programu ya kadi za kukariri, ambayo ni bure kwenye kompyuta na Android. Wenye iPhone wanailipia, na kwao nimeweka maswali ya kura kwenye Telegram, ambayo yana sehemu ya maelezo inayofunguka mtu akikosea. Faili ni maandishi ya kawaida, safu ya Kirusi, nafasi ya tab, safu ya Kiingereza, na Anki inaipokea hivyo.

Hitilafu: mwanzoni niliruhusu kadi zigeuke pande zote mbili. Upande wa Kiingereza kwenda Kirusi ulirudisha ugonjwa wote wa Septemba, kwa sababu “someone” ikitokea peke yake kila mtu anajibu kto-to na anapewa alama. Nimeufunga. Mwelekeo ni mmoja, hali ya Kirusi kwenda sentensi ya Kiingereza, na hakuna kadi yenye neno moja.

Kogda-nibud imeingia katika awamu hii. Ni -nibud ileile iliyopasuliwa, safari hii kwa wakati: Ty kogda-nibud byl v Afrike? ni swali, “Have you ever been to Africa?”, Kogda-nibud poyedu ni matumaini, “Someday I'll go.” “Sometimes” haina kazi hapo, na kadi zote mbili zinakaa karibu ili zisomwe pamoja. Luchshe vsekh nayo imepata kadi: “better than anyone”, ambayo walikuwa wanaiandika “better all”.

“Either” na “neither” hazimo. Zinahitaji seti yake, kwa sababu hapo Kiingereza kinauliza kama vitu ni viwili au zaidi. Nimeanza kukusanya makosa yake, na kwa sasa linaloongoza ni “any of my two brothers”.